Mji mmoja, Venisi mbili: jibu kwa mwalimu wa fasihi wa Tanga

Swali lililonifikia kutoka kwa mwalimu wa fasihi wa Tanga ni hili: “Nimefundisha Mabepari wa Venisi kwa miaka kadhaa, na wanafunzi hawaachi kuniuliza kama Shakespeare aliwahi kufika katika mji huo, na kwa nini waandishi wengi wa mataifa mengine wameandika juu ya mji ambao si wao. Nami nilipojaribu kusoma hadithi nyingine za Venisi nilikuta mji wa magonjwa na vifo, usiofanana hata kidogo na ule wa Antonio na Shylock. Je, ni mji uleule? Na nianze na vitabu gani?”

Ndugu Mwalimu,

Ni mji uleule, lakini kati ya Venisi ya Shylock na hiyo ya magonjwa na vifo limepita tukio kubwa, nalo lina tarehe yake: 12 Mei 1797. Siku hiyo Baraza Kuu la Jamhuri ya Venisi, kwa kuhofia majeshi ya Napoleon, lilipiga kura ya kujivunja lenyewe, na dola iliyodumu kwa takriban miaka elfu moja ikakoma. Mtawala wake wa mwisho, Ludovico Manin, alivua kofia ya udoge, yaani ya cheo cha mtawala wa Venisi, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo mji ukagawiwa Austria kwa mkataba ambao Wavenisi hawakuulizwa neno. Kwa hiyo anayeshika kitabu chochote kuhusu Venisi na aangalie kwanza kiliandikwa kabla au baada ya mwaka huo. Wageni walioandika kabla waliutazama mji huu kama mahali pa fedha, sheria na biashara ya mataifa. Walioandika baada yake waliutazama kama marehemu aliyelazwa kitandani akiwa amevaa vito vyake vyote.

Nianze na Shakespeare. Hakuna ushahidi wowote kwamba aliwahi kutoka nje ya Uingereza. Kisa cha ratili ya nyama, ambayo mkopeshaji Myahudi Shylock anadai ikatwe mwilini mwa mfanyabiashara Antonio aliyeshindwa kulipa deni, hakukibuni yeye, kwa kuwa kimo katika mkusanyo wa hadithi za Kiitaliano uitwao Il Pecorone, uliochapishwa Milano mwaka 1558, na humo tayari yumo kijana anayekwenda kumposa bibi tajiri wa Belmonte, yumo mlezi wake anayekopa kwa Myahudi, na yumo bibi huyo anayejigeuza mwanasheria ili kuiokoa roho ya mdaiwa. Othello, tamthilia yake nyingine ya Venisi, nayo ilitokana na hadithi ya Giraldi Cinthio iliyochapishwa mwaka 1565. Zaidi ya hadithi hizo, London ya wakati ule ilikuwa na Waitaliano na wasafiri walioijua Rialto, soko kuu la Venisi, na mwaka 1599 kilitoka kwa Kiingereza kitabu cha Gasparo Contarini kinachoeleza jinsi Venisi ilivyojitawala, ambacho wataalamu wengi wanaamini kwamba Shakespeare alikitumia alipoandika Othello.

Wanafunzi wako wanaweza kuukagua ushahidi huo wenyewe ndani ya tamthilia. Waambie waitafute mifereji, nao hawataiona. Gondola imetajwa mara moja tu, pale inaposimuliwa kwamba Jessica, binti wa Shylock, na mpenzi wake Lorenzo wameonekana humo pamoja. Tangu mwaka 1516 Wayahudi wa Venisi walilazimishwa kukaa katika kisiwa kimoja kidogo ndani ya mji, mahali palipoitwa Ghetto, ambako milango ilifungwa usiku na walinzi Wakristo walilipwa kwa fedha za Wayahudi wenyewe. Jina hilo la mtaa mmoja ndilo baadaye lililoenea duniani kote. Tamthilia haina habari nalo. Shylock anaalikwa karamu ya usiku nyumbani kwa Bassanio, rafiki aliyekopewa na Antonio, naye anamwachia Jessica funguo na kuondoka kana kwamba hakuna lango wala mlinzi njiani.

Hata hivyo, jambo moja Shakespeare alilielewa kwa undani unaonishangaza kila ninapolirudia. Fungua tendo la tatu, onyesho la tatu. Antonio amekwisha kukamatwa, na rafiki yake anamfariji kwamba mtawala hatakubali kamwe hati ile ya kikatili itekelezwe. Antonio anamjibu, nami natoa maana tu, si maneno ya tafsiri, kwamba mtawala hawezi kuizuia sheria isifuate mkondo wake, kwa sababu wageni wakinyimwa haki walizoahidiwa katika mji huu, sifa ya uadilifu wa dola itaharibika, na biashara na faida ya mji inatoka kwa mataifa yote. Mtu anayengoja kukatwa nyama ya kifua chake ndiye anayeeleza kwa utulivu kwa nini adui yake lazima asikilizwe! Sijui mahali pengine katika tamthilia ya zama zile ambapo imeelezwa wazi namna hii kwamba sheria ya mji inaweza kuwa bidhaa yake kubwa kuliko hariri na pilipili.

Ili kuona jinsi alivyolenga, ni vizuri kuijua Rialto yenyewe. Katika kiwanja kidogo mbele ya kanisa la San Giacomo, wenye benki walikaa na meza zao na madaftari yao. Mfanyabiashara aliyetaka kumlipa mwenziwe hakulazimika kubeba mfuko wa sarafu. Wote wawili walifika mbele ya meza, mlipaji akatamka kiasi, mwenye benki akakiondoa katika hesabu ya huyu na kukiandika katika hesabu ya yule, na deni likawa limekwisha. Mwaka 1587 serikali ilifungua benki yake ya umma palepale, na miaka minne baadaye likakamilika daraja la mawe tunaloliona leo katika picha. Katika mazingira hayo jina la mtu lilikuwa ndiyo mali yake. Ndiyo maana Shylock anaposema kwamba Antonio ni mtu mwema, Bassanio anadhani anasifiwa tabia, na Shylock anamsahihisha mara moja: kwa neno “mwema” ana maana kwamba anaweza kulipa. Kisha anazihesabu merikebu zake, moja Tripoli, nyingine India, nyingine Meksiko, nyingine Uingereza, na kukumbusha kwamba merikebu ni mbao tu na mabaharia ni watu tu.

Hapa ndipo ninapomshukuru Mwalimu Nyerere kwa jina alilolipa kitabu. Kwa Kiingereza mfanyabiashara wa jina la tamthilia ni mmoja, naye ni Antonio. Nyerere aliandika mabepari, kwa wingi, na tafsiri yake ikatoka mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, wakati neno bepari lilipokuwa limebeba shutuma nzito. Wapo wanaoliona jina hilo kuwa siasa iliyopachikwa juu ya sanaa. Mimi sikubaliani nao. Neno lenyewe lilitufikia kutoka lugha za India, na huko lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu, hivyo ndani yake mnasikika yote mawili, mchuuzi wa kawaida na mwenye mtaji anayehukumiwa. Tena wingi ule unamwondoa Shylock kwenye kizimba cha peke yake. Antonio anayetukana riba hadharani na Bassanio anayekopa ili akapose mali wanahesabiwa pamoja naye, na nikiisoma tamthilia kwa jicho hilo naiona inazidi kueleweka.

Ukitaka kumsikia Myahudi halisi wa Venisi ya zama hizo, usiishie kwa Shylock. Yupo Rabi Leon Modena, aliyezaliwa mwaka 1571, miaka saba baada ya Shakespeare, akaishi sehemu kubwa ya maisha yake katika Ghetto na kufa mwaka 1648. Aliandika kwa Kiebrania habari za maisha yake mwenyewe, na ndani yake anaorodhesha kazi 26 alizowahi kufanya ili apate riziki, zikiwamo kufundisha, kuhubiri, kuwaandikia watu barua na mashairi, kusahihisha maandishi ya wapiga chapa, hata kutengeneza hirizi. Anaungama pia kwamba mchezo wa kamari ulimshinda, na anawalilia wanawe waliokufa kabla yake. Ni kitabu chenye uchungu, na kwangu mimi kina thamani isiyopungua ile ya tamthilia yoyote iliyoandikwa London, kwa kuwa humo mtu wa Ghetto hazungumziwi, bali anazungumza.

Ruhusu nitoke kidogo kando, kwa kuwa uko Tanga na bila shaka umewaona mafundi wa majahazi. Maelezo ya zamani ya Venisi ninayoyapenda kuliko yote hayamo katika kitabu cha safari bali katika Jahanamu ya mshairi Mwitaliano Dante, wimbo wa 21, ulioandikwa mwanzoni mwa karne ya 14. Anapotaka kueleza shimo la lami inayochemka wanamoadhibiwa wala rushwa, Dante anaukumbuka uwanja wa kuundia merikebu wa Venisi wakati wa majira ya baridi, ambapo vyombo havisafiri: huyu anaunda chombo kipya, yule anaziba mbavu za merikebu iliyokwisha kusafiri mara nyingi, wengine wanagongomea tezi na omo, mmoja anachonga makasia, mwingine anasokota kamba, mwingine anashona tanga, na lami inachemka katikati yao. Mtu wa pwani hahitaji tanbihi hapo. Kazi ya kuziba nafasi za mbao Waitaliano huiita calafatare, nasi tunasema kalafati, kwa kuwa neno hilo lilitembea na mabaharia wa bahari zote mbili. Na jina la uwanja wenyewe, Arsenale, asili yake ni Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa sisi neno sanaa.

Mji huo haukuandikwa tu, bali pia uliwaandikia wengine. Uchapaji ulifika Venisi mwaka 1469, na tangu mwaka 1501 Aldus Manutius alianza kuchapa vitabu vya Kilatini katika umbo dogo la kushikika mkononi, kwa herufi za mlazo alizoagiza zichongwe mahsusi, kitabu kikaacha kuwa kitu cha kufungiwa juu ya meza ya maktaba. Ni Venisi pia palipochapwa kwa mara ya kwanza Kurani nzima kwa Kiarabu, mnamo mwaka 1537 au 1538, kazi ya Paganino Paganini na mwanawe. Chapa hiyo ilikuwa na makosa mengi ya herufi, ikadhaniwa kwa karne nyingi kuwa imepotea yote, hadi nakala moja ilipotambuliwa mwaka 1987 katika maktaba ya watawa wa kisiwa cha San Michele, hapohapo Venisi.

Sasa tuukaribie mwaka 1797. Shahidi mzuri wa miaka ya mwisho ya Jamhuri ni mshairi Mjerumani Goethe, aliyefika Septemba 1786. Alikuwa amesikia kwamba wapiga makasia wa Venisi huimba beti za washairi Waitaliano Tasso na Ariosto, lakini desturi hiyo ilikuwa imekwisha kufifia kiasi kwamba ilibidi awaagize waimbaji wawili. Mmoja alisimama mahali pamoja kando ya maji, mwingine mbali naye kando ya maji hayohayo, wakapokezana beti, na Goethe akawa anatembea kati yao, akimwacha yule anayekaribia kuanza na kumwendea yule aliyenyamaza. Anasema kwamba uimbaji ule ukisikilizwa kwa karibu hauvutii, ila kwa mbali unatoa machozi, kwa kuwa ni sauti ya mtu mpweke anayeutafuta ulimwengu ili mwingine aliye katika hali hiyohiyo amsikie na kumjibu.

Baada ya mwaka 1797 ni maombolezo. Mshairi Mwingereza Wordsworth aliandika soneti ya kuuomboleza mwisho wa Jamhuri mwaka 1802. Mwenziwe Byron alifika mwishoni mwa mwaka 1816, akakaa takriban miaka mitatu, akajifunza Kiarmenia kwa watawa wa kisiwa cha San Lazzaro, na katika shairi lililotoka mwaka 1818 akajionyesha amesimama juu ya daraja linalounganisha ikulu na gereza, huku kuna jumba la kifalme na huku kuna magereza. Daraja hilo limefunikwa pande zote na lina madirisha madogo ya jiwe lililotobolewa, wala si mahali pa kusimama na kupunga upepo, lakini mstari wake umeliteka kabisa. Tangu hapo kila mgeni hulitazama kwa macho ya Byron.

Anayetoa jibu la swali lako la pili, Mwalimu, yaani kwa nini wageni, na hasa Waingereza, walishikwa sana na mji huu, ni John Ruskin. Alipanda ngazi na kupima nguzo na vichwa vya nguzo kimoja kimoja kabla havijabomoka, kisha akatoa majuzuu matatu juu ya mawe ya Venisi kati ya mwaka 1851 na 1853. Sentensi yake ya kwanza inataja viti vitatu vya enzi vilivyowahi kuitawala bahari: Tiro, Venisi na Uingereza. Cha kwanza kimebaki kumbukumbu, cha pili kimebaki gofu, na cha tatu, anaonya, kikisahau mfano wa hivyo viwili huenda kikaangamia kwa kuhurumiwa kidogo zaidi. Basi Mwingereza wa karne ya 19 alipoitazama Venisi alikuwa akiutazama mustakabali wa himaya yake mwenyewe, na hofu hiyo ndiyo iliyompa kalamu.

Mwandishi aliyeufikisha mwelekeo huo kileleni ni Mjerumani Thomas Mann, aliyekaa katika hoteli moja ya Lido mwezi Mei 1911 na mwaka uliofuata akatoa novela ya Kifo Venisi. Nadhani hiki ndicho kitabu kilichokufanya uandike. Ninakusihi ukisome tena, si kwa kumfuata mwandishi mzee Aschenbach na kijana anayemtazama ufukoni, bali kwa kuufuata mji. Kipindupindu kimeingia. Vichochoroni kuna harufu ya dawa ya kuulia vijidudu; ukutani kumebandikwa matangazo ya kuwaasa watu wasile chaza wala wasitumie maji ya mifereji; Aschenbach anauliza harufu ile ni ya nini, na kila mtu, kuanzia mwenye duka hadi mwimbaji wa mitaani, anamwambia ni tahadhari ya kawaida tu kwa sababu ya joto. Anayemwambia ukweli hatimaye ni karani kijana Mwingereza katika ofisi ya safari. Wakubwa wa mji wananyamaza kwa kuwa maonyesho ya picha yamefunguliwa, hoteli zimejaa, na wageni wakijua wataondoka na fedha zao.

Hapo ndipo Venisi mbili zinapokutana, na ndilo jambo ninalotaka ulipeleke darasani. Kwa Antonio, mji hauwezi kumnyima mgeni haki kwa sababu unaishi kwa fedha za wageni. Kwa Mann, mji unamnyima mgeni ukweli kwa sababu ileile. Bandari iliyouza viungo na ushanga wa kioo, ambao katika karne ya 19 misafara iliutoa Zanzibar na kuufikisha hadi maziwa makuu, sasa inauza sura yake tu, na mwenye kuuza sura hawezi kukiri kwamba anaumwa.

Wenyeji hawakukosa kuandika, ila dunia iliwasoma kidogo. Carlo Goldoni, mzaliwa wa Venisi, aliahidi kuandika tamthilia 16 za kuchekesha katika msimu mmoja wa mwaka 1750 hadi 1751, na akatimiza. Ndani yake kuna mabibi wanaogombana, watumishi wenye njaa na wavuvi wanaozungumza Kivenisi chao, na hakuna anayekufa kwa uzuri wa machweo. Katika karne ya 20 Italo Calvino, Mwitaliano lakini si Mvenisi, aliichukua njia nyingine kabisa. Kitabu chake cha mwaka 1972 kinamweka Marco Polo mbele ya mfalme wa Wamongolia, Kublai Khan, akimsimulia miji isiyoonekana, na anapoulizwa kwa nini hajautaja mji wake anajibu kwamba kila anapoeleza mji wowote huwa anasema jambo kuhusu Venisi. Polo wa kweli, aliyesimulia safari zake mwaka 1298 akiwa kifungoni Genova, aliieleza hata Zanghibar, yaani pwani yetu, ambayo hakuwahi kuifikia, na akasema ni kisiwa chenye mzunguko wa maili elfu mbili. Yeye aliisimulia pwani yetu kama Shakespeare alivyousimulia mji wake, kwa habari za kupokea.

Kuhusu pa kuanzia, anza na Henry James, The Aspern Papers ya mwaka 1888, kwa kuwa ni fupi na ina nyumba moja, bustani moja, bibi kizee mmoja na barua ambazo msimulizi yuko tayari kudanganya ili azipate. Kisha mrudie Mann. Baada yake soma The Nature of Blood ya Caryl Phillips, iliyotoka mwaka 1997, ambamo mwandishi mzaliwa wa Saint Kitts anampa jemadari Mwafrika wa Venisi nafasi ya kusimulia mwenyewe jinsi alivyoingia mjini, na hata anamtembeza Ghetto usiku. Kwa wanafunzi wa Kiafrika sijaona mwenzi bora wa Othello. Kwa burudani yenye akili wapo wapelelezi wa Donna Leon, Mmarekani aliyeishi Venisi miaka mingi na kuanza mfululizo wake wa Kamishna Brunetti mwaka 1992. Alikataa vitabu vyake kutafsiriwa kwa Kiitaliano, ila ndani yake utaikuta Venisi ya mtu anayenunua samaki, anayepanda mashua ya abiria kwenda kazini na kulalamikia meli za watalii. Mwaka 1951 mji huo wa kale ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000, na Brunetti anawajua majirani waliohama.

Kwa kipindi kimoja cha darasani, chukua mistari ile ya Antonio katika tafsiri ya Nyerere, na kando yake ukurasa ambao karani wa ofisi ya safari anamwambia Aschenbach ukweli, uutafsiri wewe mwenyewe kwa kuwa ni mfupi. Waulize wanafunzi nani katika kila kipande anamwogopa mgeni, na anamwogopea nini. Wa Tanga, waliokulia karibu na bandari, watakuwa na ya kusema.